Kwenu Hasa ni Wapi?

Costa ya Arusha ilikuwa haijatoka hata stendi ya Moshi, na mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa ameshanipa ndizi mbivu mbili kutoka kwenye kikapu chake pamoja na swali moja. "Mwanangu, wewe ni wa wapi?" Nikamwambia ni wa hapa hapa Moshi, Pasua. Akaona sura haijamtosha. "Mama yako je?" Marangu. "Marangu ya wapi?" Samanga. "Samanga kwa nani?" Nikamtajia ukoo wa babu mzaa mama. Akapiga kofi la furaha kwenye goti langu: shoga yake waliyepata naye kipaimara ameolewa kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha pili kutoka pale. Tulipofika Boma Ng'ombe alikuwa ananiita mjukuu, na nilikuwa nimeshapewa salamu za kupeleka.

Miezi michache kabla ya safari ile nilikuwa Sakina, Arusha, natafuta chumba. Dalali alinipeleka kwa baba mmoja aliyetupokea barazani, funguo mkononi. Hakuuliza nafanya kazi gani wala nitalipa kodi ya miezi mingapi. Aliuliza, "Kabila gani wewe?" Nikasema baba yangu ni Mnyaturu. Akasema "Aa," akazirudisha funguo mfukoni, na chumba ambacho dakika tano nyuma kilikuwa wazi kikawa kimeshapata mtu. Njiani dalali aliona haya kuliko mimi. "Anataka watu wa kwao," akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Watu wawili, swali karibu lile lile. Ndiyo maana mabishano ya kama kuulizana asili ni udadisi au ni dharau huwa hayaishi kijiweni: kila mmoja analetea mkutano kisa chake, na visa vyote ni vya kweli. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naamini linaweza kufumuliwa, ila kwanza tutazame maneno tunayoyatumia.

Kiswahili hakina swali moja la asili. "Unakaa wapi?" linataka mtaa. "Unatoka wapi?" laweza kujibiwa "sokoni" na asiwepo wa kushangaa. "Wewe ni wa wapi?" linataka wilaya au mkoa, na ndilo njia ya adabu ya kulizunguka neno kabila. "Kabila gani?" linakuja uso kwa uso. Halafu lipo zito kuliko yote, "Kwenu wapi?"

Tazama hilo "kwenu". Unayemuuliza ni mmoja, lakini humwambii "kwako". Kwako ni pale unapolipa kodi na kununua luku. Kwenu ni pa wengi, na wengine kati yao hawapo tena. Mlimani, huku Kilimanjaro, jambo hili lina ardhi yake kabisa: kihamba. Migomba, kahawa, nyumba ya wazee, na makaburi ya waliotangulia, mara nyingi yakiwa na masale yaliyopandwa pembeni, mmea ule ule unaoonyesha mpaka na unaotumika kuomba msamaha. Mchaga aliyezaliwa Ilala akasomea Mbezi atakwambia kwetu Rombo, na hasemi uongo. Anakutajia mahali atakapozikwa. Desemba ikifika, magari yanapanda barabara za Marangu, Kibosho na Machame, na wenzetu wa mikoa mingine wanatania kwamba Wachaga wamekwenda kuhesabiwa. Utani huo umelenga penyewe. Kweli watu wanakwenda kuhesabiwa, na wanaohesabu ni wa kwao.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa huku "kwenu wapi?", umemuuliza makaburi yake yako wapi. Mwenye nayo hulijibu kwa kifua mbele. Asiye nayo swali linamwacha nje ya geti.

Naijua hali hiyo. Baba alikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kusini mwa mji, akiwa kijana, akakaa Moshi hadi kustaafu, akaoa hapa, akasomesha hapa, akatania na kutaniwa hapa. Alipofariki tulimsafirisha kwenda Ilongero, Singida, kwa wosia wake mwenyewe. Gari liliondoka Pasua usiku wa manane, na majirani waliotushika mikono pale getini ndio walionilea. Mimi nilikuwa nimefika Ilongero mara tatu tu maishani. Kwetu ni Pasua, ambako hatuna kaburi hata moja. Sasa mtu akiniambia, "Hapana, kwenu hasa?", anafuta kwa neno moja kitu kilichonichukua maisha yote kukijenga.

Hilo "hasa" lichunguzeni vizuri. Swali la kwanza ni mlango. Mtu anajibu anavyotaka. "Hasa" linasema jibu lako halijapokelewa. Lakini mbona mama wa kwenye Costa naye alichimba? Alichimba hatua tatu: wa wapi, ya wapi, kwa nani. Tofauti naiona hapa: yeye alikuwa anatafuta tunapokutana. Kila jibu lilimsogeza kwangu, na kama pale Samanga asingempata mtu, angehamia shule niliyosoma, au kanisa, au soko la Mbuyuni, mpaka apate. Baba wa Sakina alitafuta tunapoachana. Jibu moja lilimtosha kwa sababu alipolisikia alikuwa ameshafika alikokuwa anakwenda.

Kuna na la funguo. Mama yule hakuwa na kitu ninachokihitaji. Hata nisingejibu, ningefika Arusha. Aliyeshika funguo za chumba, au kalamu ya ajira, au muhuri, akiuliza asili yako hakuulizi tena kama binadamu mwenzako, hata akiwa na nia safi kama maji ya chemchemi. Wewe unayejibu huna namna ya kujua jibu lako litawekwa wapi. Woga huo peke yake ni madhara, hata chumba ukikipata.

Sheria zetu zimeliona hili. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inapoeleza maana ya kubagua, inataja kabila na papo hapo inataja "pahala walipotokea". Aliyeandika maneno hayo alijua kwamba "wa wapi?" linaweza kufanya kazi ile ile ya "kabila gani?" likiwa limevaa koti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alipotoka, na inamhesabu hata mwombaji wa kazi aliyekaa mbele ya usaili. Haikatazi kuulizana kwenye Costa. Inamkataza mwenye kalamu kulitumia jibu.

Tulifikaje hapa, nchi yenye makabila zaidi ya 120 ambayo kutaja kabila hadharani kunaleta ukakasi kidogo? Ilifanywa kwa makusudi. Serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na hapa mlimani ndio ukawa mwisho wa mamlaka ya mamangi, machifu wa Kichaga. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyomuuliza Mtanzania kabila lake. Zote zilizofuata, hadi ile ya 2022 iliyohesabu watu milioni 61.7, hazikuuliza. Jirani zetu Kenya waliuliza hata mwaka 2019. Wanafunzi walipangiwa shule za bweni mbali na kwao, walimu wakapelekwa mikoa wasiyoijua, vijana wakakutana JKT. Na mwaka 1995, siasa za vyama vingi zilipoanza kuyafukua makabila, Mwalimu Nyerere aliwauliza wanaoulizana kabila linawahusu nini: wanataka kwenda kutambika?

Nimelipenda swali lake tangu nilipolisikia, kwa sababu kuna wakati jibu ni ndiyo. Wazee wanaokaa kupanga posa wanauliza ukoo ili watoto wa damu moja wasioane. Kwenye msiba tunauliza kwao marehemu ni wapi ili tujue gari litaelekea wapi. Pale kuuliza ni wajibu, na kutouliza ndiyo dharau. Mwalimu alikuwa anawakemea wenye kuuliza kwenye kura na kwenye ofisi, mahali ambapo hakuna kaburi la kufagia.

Lakini kazi ile nzuri iliacha upenyo. Kwa kuwa kuuliza kunaonekana kubaya, watu wamejifunza kusoma. Shirima, Tarimo na Kavishe wanapelekwa Rombo kabla hawajafungua mdomo. Swai, Urassa na Nkya wanapelekwa Machame. Msuya, Mbwambo na Mgonja Upareni. Mollel na Laizer kwa Wamaasai na Waarusha. Barua ya maombi ya kazi inafika mezani na jina la tatu limeshatoa jibu ambalo sheria imekataza litumike. Isitoshe, jina linajibu nusu tu. Langu linamtaja baba. Mama yangu na Samanga yake yote hawamo. Na kwa miaka mingi ukienda polisi kuandikisha maelezo kwa sababu umeibiwa simu, ulikuwa unaulizwa kabila, liandikwe karibu na umri na kazi yako. Sijawahi kuelewa linasaidiaje kuipata simu.

Wanaosema "sisi huku hatuna ukabila, tunaulizana tu" wayakumbuke maneno ya nyumbani. Mlimani lipo "kyasaka", mtu wa nyika, asiye wetu. Kwa Wamaasai lipo "ormeek", na humo wanatiwa Waafrika wengi wasio Wamaasai. Hayo hayasemwi mbele ya mgeni, yanasemwa jikoni, akishatoka. Na ndani ya Uchaga wenyewe kuna visu vidogo zaidi. Binti akisema ni wa Machame, kuna mashangazi watakaonyamaza ghafla, kwa sababu ya ule uzushi wa zamani kwamba mwanamke wa Machame humwondoa mumewe arithi mali. Rafiki yangu mmoja posa yake ilikaa mwaka mzima kwa uzushi huo, na hakuna aliyethubutu kumwambia sababu. Aliulizwa "Mchaga wa wapi?" kwa tabasamu, akajibu kwa tabasamu, na hukumu ikapita juu ya kichwa chake. Ni uongo, na unaumiza watu wazima wenye heshima zao. Nasema hivyo bila kuuma maneno.

Kuhusu utani nitasema kidogo, maana wengi hujificha nyuma yake. Mchaga na Mpare ni watani. Mpare ataambiwa anauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, naye atajibu kwamba Mchaga ukitaka kujua kama kweli amekufa dondosha sarafu karibu na sikio lake, na wote watacheka wakagawana makande. Utani huo una haki ya kujibu. Pande zote mbili zina mdomo. Meneja akimtania mfagizi wake, mfagizi akabaki anacheka kwa meno tu, hapo hakuna mtani, kuna bosi.

Arusha ina sababu ya pekee ya kulitazama swali hili kwa heshima. Mahakama ya Kimataifa ya Kimbari kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilikaa hapa mjini, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, hadi ilipofungwa Desemba 2015. Ilifungulia mashtaka watu 93. Septemba 2, 1998, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la kimbari. Katika kesi zile ilielezwa habari ya kitambulisho. Wabelgiji waliwaandikia Wanyarwanda kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na uhuru ulipokuja mstari ule haukufutwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, swali "wewe ni nani?" lilijibiwa na kikaratasi, na jibu likaamua nani apite na nani asipite. Nimewahi kukaa nje ya majengo yale nikisubiri mtu, nikawaza kwamba barabara hii inayopita bodaboda na wauza karanga imesikia mwisho wa swali hili ulivyo, pale mwenye kuuliza anaposhika panga badala ya funguo.

Ipo hukumu nyingine ya hapa Arusha, tulivu zaidi, ambayo watu wachache wanaijua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitoa Machi 22, 2018. Mwanamume aliyezaliwa Butiama, mwenye pasipoti ya Tanzania, alikwenda polisi mwaka 2012 kufuatilia taratibu za ndoa yake. Badala ya ndoa, akaanza kuulizwa uraia, pasipoti ikashikiliwa. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki kuishi kwenye kile kipande cha ardhi kati ya nchi mbili, Sirari. Kwenu hasa ni wapi? Kwake lilikuwa swali la mahali pa kulala. Mahakama ilisema alinyang'anywa uraia kiholela, na kwamba kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa imemtambua kuwa raia, mzigo wa kuthibitisha kuwa si raia ulikuwa wa serikali hiyo. Hilo la mzigo nimelibeba kila mahali tangu nilisome. Ukimwuliza mtu mara ya pili, mara ya tatu, umemtwisha mzigo wa kuthibitisha yeye ni nani. Kwa nini aubebe yeye?

Kitu hicho hicho kilitokea Novemba 2022 mahali pasipofanana kabisa na Sirari. Kwenye hafla ndani ya Kasri la Buckingham, London, Ngozi Fulani, Mwingereza mweusi aliyekuwa anaongoza shirika la kusaidia wanawake waliopigwa na kunyanyaswa majumbani, aliulizwa na Lady Susan Hussey anatoka wapi. Akasema shirika lake liko Hackney. Akaulizwa tena, anatoka sehemu gani ya Afrika. Akasema amezaliwa Uingereza. Akaulizwa tena. Bibi yule, aliyemtumikia Malkia Elizabeth kwa miongo, aliacha wadhifa wake, na mwezi uliofuata alikutana na Fulani akamwomba radhi. Watu wengi wa huku walishangaa: mbona sisi tunaulizwa kila siku? Nadhani walilisikia swali la kwanza tu. Kosa lilikuwa kwenye la tatu.

Na kabla hatujawanyooshea kidole Waingereza, twende mtaa wa Bondeni. Zipo familia zenye asili ya Kihindi zilizokuwa Moshi na Arusha kabla reli haijafika Arusha mwaka 1929. Mjukuu wao anazungumza Kiswahili cha mtaani kuliko mimi, anajua bei ya saruji kila duka, na bado akisema "kwetu Bondeni" atasikia, "Aa, India ya wapi?" Lile la Buckingham, tunalo hapa hapa.

Kuna wageni wengine ambao nawaonea uchungu zaidi. Pale Arusha karibu na Mnara wa Saa, vijana wanaouza picha na safari, wale wanaoitwa flaikacha, huanza na kila mgeni kwa "unatoka wapi?" Kwa Mjerumani ni salamu. Siku moja nilikuwa nasubiri daladala, nikasikia kijana anamuuliza mama mmoja Mmarekani mweusi. Akajibu, Chicago. Kijana, kwa uchangamfu wote na bila ubaya wowote, akasema hapana dada, wewe ni wetu, kabila lako hasa ni lipi? Yule mama akasimama. Jibu lake lilichukuliwa na meli, vizazi kadhaa nyuma, pamoja na majina. Alitabasamu, akanunua picha moja ya mbuyu, akaondoka haraka. Kijana alibaki na hela mkononi asijue kilichotokea, na sikumwelezea. Daladala yangu ilikuwa inakaribia kujaa. Najuta kidogo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuache kabisa kuulizana. Tukiacha, mama yule wa Costa atakaa kimya hadi Arusha na mimi nitakosa ndizi, bibi, na salamu za Samanga. Lakini sikubaliani pia na wanaosema "ni udadisi tu, asijisikie vibaya". Udadisi una adabu yake, na wazee wetu waliijua: mgeni haulizwi kabla hajakaa, hajanywa maji, na mwenyeji hajajitaja. Siku hizi tumebaki na swali, maji tumeyasahau.

Mimi sasa nikitaka kujua, naanza na la kwangu. Baba Mnyaturu wa Ilongero, mama wa Marangu, Samanga, nimezaliwa Pasua. Nikimaliza nanyamaza. Wengi husema la kwao bila kuulizwa, tena kwa urefu, mpaka mabibi wanatajwa. Wapo wanaosema "mimi wa Ngarenaro" wakaishia hapo, na mimi naishia hapo hapo. Tunaongea mvua, na bei ya ndizi Tengeru.